Mende Jikoni: Kabla ya Kununua Dawa

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya unaingia jikoni. Tunataka tujifunze pamoja juu ya mende, mdudu ambaye karibu kila familia ya mjini inamfahamu, na siku hizi hata familia nyingi za vijijini. Huenda wengine watasema kwamba mende si ugonjwa, ni kero tu, na kwamba dawa zake zimejaa mitaani. Ni kweli zimejaa. Katika miji yetu hupita kijana na kipaza sauti akitangaza dawa ya panya, dawa ya mende, dawa ya kunguni, zote katika mfuko mmoja. Mama aliyechoka kufukuza mende kwenye vyombo hununua kichupa, hunyunyizia usiku, na asubuhi hufagia mende arobaini waliolala chali. Hufurahi. Baada ya wiki nne wamerudi. Safari hii hutafuta dawa kali zaidi, iliyopimwa kutoka kwenye dumu la dawa ya shambani na kutiwa katika chupa ya soda. Inayobaki huwekwa nyuma ya mlango, ili itumike tena watakaporudi.

Chupa hiyo ya soda ndiyo iliyotufanya tuandike somo hili. Mtoto wa miaka miwili hajui kusoma, lakini anajua kwamba chupa ya soda ina soda. Mende anatuchafulia chakula, na hilo tutalieleza, lakini tunasema tangu mwanzo kwamba katika nyumba nyingi hatari kubwa kuliko mende ni ile sumu tunayoiingiza ndani kwa ajili yake. Na jambo la kusikitisha ni kwamba sehemu kubwa ya sumu hiyo haihitajiki.

MENDE WA AINA MBILI

Katika nyumba zetu tunakutana hasa na mende wa aina mbili. Yafaa kuwatofautisha, kwa sababu hawakai mahali pamoja wala hawaondolewi kwa njia moja.

Wa kwanza ni mende mkubwa, mwekundu wa udongo, mwenye urefu wa sentimita nne hivi. Huyu ni wa chooni, wa chemba za maji machafu, wa mashimo ya taka na stoo zenye unyevu. Usiku hutoka huko akapita chini ya mlango au kwenye bomba la sinki, na kukiwa na joto huweza kuruka, jambo linalowafanya hata watu wazima wakimbie. Jike hudondosha kifuko cha mayai, kigumu na chenye rangi nyeusinyeusi, kinachofanana na haragwe dogo, akakibandika mahali pa siri. Ndani yake huwa na mayai kama 15. Watoto wake hukua polepole, miezi sita hadi mwaka na zaidi.

Wa pili ni mende mdogo, wa sentimita moja na nusu au chini yake, rangi ya kahawia hafifu. Ukimtazama vizuri utaona mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa. Huyu hatoki chooni. Yeye amekwisha kuhamia ndani: anakaa kwenye bawaba za kabati, nyuma ya friji karibu na mota yenye joto, ndani ya redio, nyuma ya saa ya ukutani. Haruki, ingawa ana mabawa. Lakini ndiye msumbufu zaidi. Jike hubeba kifuko chake cha mayai mkiani mpaka karibu na siku ya kuanguliwa, na kila kifuko huwa na mayai 30 hadi 40. Katika maisha yake hutoa vifuko vinne hadi vinane. Penye joto kama la kwetu pwani, mtoto huwa mende mzima kwa muda wa miezi miwili hivi. Mwenye kupenda hesabu na ajaribu kuhesabu kizazi cha jike mmoja na mabinti zake kwa nusu mwaka. Sisi tulijaribu, tukaacha njiani.

Mara nyingine utakutana na mende mweupe kabisa. Wako wanaomwogopa wakidhani ni aina ya tatu, au kwamba dawa imembadilisha rangi. Hapana. Ni mende wa kawaida aliyejivua ganda muda mfupi uliopita. Baada ya saa chache atarudi katika rangi yake.

Wataalamu humwita yule mkubwa mende wa Kimarekani na yule mdogo mende wa Kijerumani. Majina hayo yalitolewa na Linnaeus, mtaalamu wa viumbe wa Sweden, mwaka 1758 na 1767. Tunaweza kusema nchi hizo zimesingiziwa. Asili ya yule mkubwa ni Afrika, akavushwa bahari na meli za watu. Na yule mdogo, kwa utafiti wa vinasaba uliotolewa mwaka 2024, alitokana na mende wa porini wa Asia ya Kusini yapata miaka 2,100 iliyopita. Wote wawili wamesafiri ndani ya mizigo ya watu, na ndivyo wanavyosafiri hata leo, kama tutakavyoona mbele.

ANATUDHURU NAMNA GANI?

Mende hula kila kitu: makombo, gundi ya vitabu, makohozi, kinyesi. Usiku mmoja huweza kutembea kwenye shimo la choo na kisha kwenye bakuli la uji uliobaki. Miguu yake ina miiba midogo inayobeba uchafu, na anapokula hutapika kidogo na kuacha kinyesi chake papo hapo. Juu ya mwili wake na ndani ya matumbo yake wataalamu wamekuta vijidudu vya kuhara, vya kuhara damu na vya kuchafua chakula, pamoja na mayai ya minyoo. Hatusemi kwamba kila mtoto anayeharisha ameambukizwa na mende. Maji machafu na mikono isiyonawiwa ndivyo vinavyotangulia. Lakini mende huusaidia uchafu kufika mahali ambapo peke yake usingefika.

Madhara mengine yanajulikana kidogo kwa watu wetu, nayo ni pumu. Kinyesi cha mende, mate yake na maganda anayojivua hukauka, huwa vumbi, na vumbi hilo huvutwa na watoto wanaolala katika chumba hicho. Baadhi yao miili yao hulikataa: hupiga chafya, hutokwa machozi, na wenye pumu hubanwa kifua. Mwaka 1997 madaktari wa Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa watoto 476 wenye pumu, waliokaa katika mitaa ya watu maskini ya miji minane. Zaidi ya theluthi moja ya watoto hao walikuwa na mzio wa mende. Na wale wenye mzio huo, ambao vyumba vyao vilikuwa na vumbi jingi la mende, walilazwa hospitalini kwa sababu ya pumu mara tatu hivi kuliko wenzao. Hivyo basi, mzazi ambaye mtoto wake hubanwa kifua usiku na nafuu huja akienda kwa bibi yake, achunguze nyuma ya kabati kabla ya kulaumu baridi. Tena ajue kwamba vumbi hilo hubaki miezi mingi hata mende wakiisha kufa. Mahali hapo pafutwe kwa kitambaa kibichi chenye sabuni. Ukifagia kavu unalirusha hewani tu.

KWA NINI HURUDI?

Turudi kwa yule mama aliyefagia mende arobaini. Mbona wamerudi?

Kwanza, wale arobaini ni waliokuwa nje usiku ule. Mchana na sehemu kubwa ya usiku mende hujibana katika nyufa, na wengi, hasa wadogo na majike yenye mayai, hawatoki kila siku. Pili, dawa nyingi za kunyunyizia haziingii ndani ya kifuko cha mayai. Mama anakufa, wiki mbili tatu baadaye watoto wanatoka salama. Tatu, dawa nyingi za namna hiyo huwachoma mende kabla hazijawaua, nao hukimbia. Wanahamia chumba cha kulala, au kwa jirani.

Na nne, mende wamezoea dawa. Hili si jambo la juzi. Mwaka 1952 huko Corpus Christi, Texas, iligundulika kwamba mende wadogo hawafi tena kwa dawa ya klodeni, ambayo wakati huo ilisifiwa sana. Waliosalia walizaa wenye nguvu kama wao. Tangu hapo dawa baada ya dawa imepata mkasa ule ule. Hata chambo chenye sukari kimeshindwa mahali fulani: mwaka 1993 watafiti walieleza juu ya mende wanaokataa sukari ya glukosi, na mwaka 2013 ikathibitishwa kwamba kwa mende hao sukari hiyo ina ladha ya uchungu. Kwa hiyo anayeongeza ukali wa dawa kila mwezi anashindana na mdudu anayezaa haraka kuliko yeye anavyopata fedha.

ZOEZI LA USIKU MMOJA

Kabla ya kutumia hata shilingi moja, tunaomba kila familia ifanye zoezi hili. Chukueni mitungi mitatu au minne ya kioo, ile ya jamu au siagi ya karanga. Pakeni mafuta ya kujipaka ndani, karibu na mdomo wa mtungi, upana wa vidole viwili, ili mende akiingia ateleze asiweze kutoka. Zungusheni karatasi au kitambaa nje ili apate kupanda. Ndani wekeni kipande cha ndizi iliyoiva sana au mkate. Kisha wekeni mtungi mmoja karibu na sinki au ndoo za maji, mmoja nyuma ya friji au kabati la vyombo, mmoja karibu na mlango wa uani, na mwingine penye taka. Uwe umegusa ukuta, kwa maana mende hupenda kutembea ukutani kuliko katikati ya sakafu.

Saa saba au saa nane za usiku amkeni, washeni tochi ghafla, tazameni wanakimbilia wapi. Huko wanakokimbilia ndiko kwao. Asubuhi hesabuni waliomo mitungini, muwamwagie maji ya sabuni. Maji ya sabuni huua mende vizuri kabisa, kwa kuwa huziba vitundu vya kupumulia vilivyo ubavuni mwake.

Sisi tunaoandika ukurasa huu tulifanya zoezi hilo jikoni kwetu, tukiwa na hakika kwamba mtungi wa penye taka utajaa. Ulikuwa na mende mmoja. Wa nyuma ya friji ulikuwa na kumi na tisa. Tungekuwa tumenunua dawa, tungeinyunyiza yote kwenye ndoo ya taka.

MAJI KWANZA

Watu wengi huanza na chakula. Sisi tunashauri muanze na maji. Mende mdogo akipata maji peke yake, bila chakula, huweza kuishi mwezi na zaidi. Lakini akinyimwa maji, hata awe na unga wa kutosha, hufa kwa muda wa wiki mbili hivi. Mkubwa huvumilia zaidi, lakini naye hawezi kukaa mbali na unyevu.

Tazameni jikoni kwenu saa tatu za usiku, watu wanapokwenda kulala. Beseni la vyombo lina maji ya kijivu. Tambara la kufutia limeachwa bichi juu ya meza. Chini ya mtungi wa maji kuna kidimbwi. Bomba linadondoka, na mtu ameweka sufuria chini yake. Trei ya nyuma ya friji, ambayo pengine hamjaitazama tangu friji inunuliwe, ina maji. Kwa mende hiki ni kisima kijijini. Basi kila usiku, beseni limwagwe na kufunikwa kifudifudi, tambara likamuliwe na kuanikwa nje, ndoo zifunikwe, sinki lipanguswe hadi likauke. Ni kazi ya dakika kumi. Wapewe watoto wakubwa, wa kike na wa kiume, kwa zamu. Bomba linalodondoka litengenezwe. Mpira mdogo wa ndani ya bomba bei yake ni ndogo kuliko ya kopo la dawa.

Kwa habari ya chakula hatuna mengi, mengi mnayajua. Unga, sukari na mchele vikae katika vyombo vyenye vifuniko vya kubana, si katika mifuko iliyokunjwa. Ukoko usilale ndani ya sufuria. Ndoo ya taka itolewe kabla ya kulala. Lakini jambo linalosahauliwa ni mafuta: yale yanayorukia ukuta nyuma ya jiko la mkaa au la gesi tunapokaanga, yakashika vumbi na kuwa kama gundi. Mende hushiba hapo bila kugusa chakula cha mtu. Ukuta huo usuguliwe kwa maji ya moto na sabuni walau mara moja kwa wiki.

Kisha maficho. Mende mdogo hupenda ufa ambamo mgongo na tumbo lake vyote vinagusa. Zibeni nyufa za ukutani kwa simenti, na nafasi kati ya kabati na ukuta kwa gundi ya silikoni au hata sabuni ya kipande mkikosa kingine. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa mende, usipoziba ufa utalisha ukuta. Makatoni matupu na magazeti ya zamani yaondoke jikoni. (Gazeti hili pia, likiisha kusomwa.) Na kwa mende mkubwa, kazi iko nje: mfuniko wa chemba ukae sawasawa, shimo la choo lifunikwe, wavu uwekwe kwenye tundu la kutolea maji ya bafuni, na pengo la chini ya mlango wa uani lizibwe kwa ukanda wa mpira wa gari uliokatwa.

Msiwaue mijusi wa ukutani. Mjusi kafiri, pamoja na jina hilo baya alilopewa, hukesha akila wadudu, na mende wachanga wamo.

NYUMBA YA WAPANGAJI WENGI

Sasa tuongee juu ya nyumba ambazo familia nyingi za mijini zinaishi: vyumba sita, vitatu kila upande wa korido, uani choo kimoja na bomba moja. Humo mama mmoja akipuliza dawa Jumamosi, mende wake wanahamia chumba cha pili kabla ya Jumapili. Mama wa chumba cha pili naye anapuliza Jumatano, wanarudi. Kila mmoja anamwona mwenzake kuwa mchafu. Tumesikia ugomvi wa namna hii ukifika hadi kwa mjumbe wa nyumba kumi, watu wakitukanana kwa ajili ya wadudu wanaolala mchana kutwa kwenye mlango wa katikati.

Katika nyumba ya namna hiyo hakuna mende wa mtu. Wapangaji wote wakubaliane siku moja. Vitu vitolewe uani juani, makabati yakung'utwe, nyufa zizibwe korido nzima, na kama ni kutumia dawa, itumike vyumba vyote siku hiyo hiyo, kisha irudiwe baada ya wiki tatu, watoto wa mende watakapokuwa wameanguliwa. Mwenye nyumba aombwe kutengeneza chemba na bomba, kwa kuwa hayo si ya mpangaji. Penye jumuiya ndogondogo hai, watu hupata pa kuanzia, lakini wasisahauliwe majirani wasio wa jumuiya wala wa dini yetu, maana mende hawaulizi.

Na mizigo ichunguzwe. Mende mdogo haji kwa miguu kutoka mtaa wa mbali. Huletwa. Huja katika katoni za dukani, katika kreti za soda za sherehe, katika friji iliyonunuliwa kwa mtu, na katika tranka la mwanafunzi anayerudi kutoka shule ya bweni. Mtoto akifika likizo, tranka lifunguliwe uani kabla halijaingia ndani, nguo zikung'utwe, pembe na bawaba za tranka zimwagiwe maji ya moto. Katika vijiji ambako mende mdogo hakujulikana, mara nyingi amefika kwa njia hiyo.

DAWA, KAMA NI LAZIMA

Hatukatazi dawa. Mende wakiwa wengi mno, usafi peke yake huchelewa. Lakini tuchague ile inayomfuata mende ufani, isiyojaza hewa ya chumba.

Unga wa boriki, unaopatikana katika baadhi ya maduka ya dawa, umetumika miaka mingi na bado unafaa. Mende hupita juu yake, hushika miguuni, na anapojisafisha kwa mdomo huumeza. Hufa baada ya siku kadhaa, basi msikate tamaa asubuhi ya kwanza. Kosa la watu ni kuumwaga kwa mafungu. Mende hulizunguka fungu kama sisi tunavyozunguka kichuguu. Upulizwe kama vumbi jembamba sana, nyuma ya friji, chini ya kabati, ndani ya ufa kabla ya kuuziba. Usiwekwe kamwe penye chakula, vyombo, au mahali mkono wa mtoto unapofika, kwa kuwa nao ni sumu ukiliwa. Ukilowa haufai, na ndiyo sababu nyingine ya kuanza na maji.

Ipo pia dawa ya chambo inayouzwa kama ute ndani ya bomba mfano wa sindano. Inawekwa matone madogo, kila tone kama punje ya choroko, kwenye bawaba na pembe za makabati. Hii hufanya kazi vizuri, kwa sharti moja: msipulize dawa nyingine hapo. Mkipuliza, mende hawatakula chambo, na fedha zenu zimepotea mara mbili.

Mkitumia dawa ya kopo la kupuliza, zimeni kwanza jiko na kibatari, maana hushika moto. Funikeni chakula na maji, toeni watoto, wajawazito, wagonjwa wa pumu na kuku, fungueni madirisha baadaye, na muoshe meza kabla ya kupika. Chaki ya mende tunaishauri iachwe kabisa. Imefanana mno na chaki ya shule, na mtoto ataiandikia, kisha atalamba vidole. Dawa za mashambani, za pamba, kahawa au mboga, zisiingie ndani ya nyumba kwa sababu yoyote. Zimepimwa kwa ajili ya shamba lenye upepo. Chumba cha futi kumi kwa kumi hakina upepo huo. Nunueni dawa yenye karatasi yake, inayosomeka, yenye jina la sumu iliyomo na namba ya usajili. Nchini Tanzania usajili huo uko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Ikae katika kopo lake lenyewe, juu, ndani ya sanduku lenye kufuli. Chupa ya soda, ya maji au ya dawa ya kikohozi isitumike, hata kwa siku moja, hata kama imeandikwa kwa kalamu nyekundu.

MTOTO AKINYWA

Dalili za sumu nyingi za wadudu ni mate kutoka kwa wingi, jasho, kutapika, tumbo kusokota, mboni za macho kuwa ndogo kama ncha ya sindano, kupumua kwa shida, misuli kuchezacheza, na mwishowe degedege. Msingoje dalili. Mkikuta chupa imefunguliwa na mdomo wa mtoto unanuka dawa, ondokeni.

Msimtapishe. Dawa nyingi zimechanganywa na mafuta yanayofanana na mafuta ya taa, nayo yakirudi juu huingia mapafuni. Msipoteze muda kutafuta maziwa; tunajua desturi hiyo imeenea, lakini haiondoi sumu, na mtoto aliyelegea hupaliwa. Mvueni nguo zilizomwagikiwa, mwosheni ngozi kwa sabuni na maji mengi, na anayemwosha ajikinge mikono. Kama imeingia machoni, mimina maji safi kwa dakika 15. Akiwa amelegea, alazwe kwa ubavu. Na mwende hospitali mkichukua ile chupa au kopo pamoja na karatasi yake, kwa sababu daktari akijua ni sumu gani hupoteza muda mchache zaidi. Msione aibu kusema ilinunuliwa wapi.

MENDE AKIINGIA SIKIONI

Jambo la mwisho, kwa kuwa hutokea usiku na huwatia watu hofu kubwa. Wakati mwingine mende mdogo humwingia mtu sikioni akiwa amelala. Anayeingiliwa husikia kishindo kama cha mashine, na mtoto hupiga kelele asiweze kueleza. Msiingize njiti, pini wala kidole, kwa kuwa mtamsukuma ndani na kutoboa kiwambo cha sikio. Dawa ya mende isiwekwe sikioni kamwe. Mlazeni kwa ubavu, sikio hilo likiwa juu, mtie matone ya mafuta safi ya kupikia yenye uvuguvugu tu, yasiyo ya moto, mpaka mdudu atulie. Kama mtoto amewahi kutokwa usaha sikioni au sikio limetobolewa, msitie kitu chochote. Kisha asubuhi mpelekeni zahanati wamtoe kwa vifaa vyao, hata kama maumivu yamekwisha, maana mguu mmoja ukibaki ndani sikio huweza kuoza.